Kwa Nini Majaruba ya Shangweni Yana Mstari Mwekundu

Kabla jani la mpunga halijawa na jicho hata moja, Bonde la Shangweni lilikuwa la rangi moja. Ukisimama juu ya kilima mwezi wa mavuno na kutazama chini, uliona manjano tupu, kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye mikoko, bila baka wala mstari. Nyinyi mliokuja leo kunisaidia kupepeta mbegu mmezoea kuiona mistari myekundu ikikatiza majaruba, vipande hivi vya mpunga vilivyozungukwa na matuta, mkadhani bonde lilizaliwa nayo. Halikuzaliwa nayo. Mmeniuliza, na anayeniuliza mimi jambo asubuhi anajua kwamba atasikiliza hadi adhuhuri. Kwa hiyo kaeni vizuri, na nyungo zisisimame.

Zama hizo Kuvu alikuwa kiumbe mwenye heshima zake. Muumba alipogawa kazi za dunia, wenye mbawa walipewa ya kubeba mbegu, wenye kwato wakapewa ya kukanyaga njia, na kila mmoja akaondoka na lake. Kuvu alibaki mwisho. Hakuwa na miguu, hakuwa na meno, na sauti yake ilikuwa ndogo hata ukitaka kumsikia ilibidi uiname. Muumba akampa vilivyokufa: gogo lililoanguka, jani lililokauka, mkeka uliochakaa. Akaambiwa ale kilichokwisha, kisichokwisha asikiguse. Naye alitii. Bila yeye tungekuwa tunaruka magogo tangu mlangoni mpaka kisimani, na hilo nalisema mapema ili msije mkamchukia kupita kiasi. Aliishi msituni, mwisho wa bonde, na mali yake ilikuwa moja tu: alijua kungoja.

Watu wa Shangweni nao, siku hizo za mwanzo, kila nyumba ilikuwa na mpunga wake. Palikuwa na mrefu na mfupi, mweupe na mwekundu, uliopenda maji mengi na ulioweza kuvumilia hata maji ya chumvi yanapopanda. Kisha akatokea Bi Kazija binti Hamadi na mpunga wake aliouita Uturi. Aliuchagua mwenyewe, suke kwa suke, miaka na miaka, mpaka akapata punje ndefu na nyeupe ambayo ikiiva harufu yake hutoka mlangoni na kuwapita majirani wawili kabla haijapungua. Bi Kazija ni wa ukoo wangu. Silisemi hilo kwa majivuno, na mtaona kwa nini. Alikuwa mwanamke mwema, hodari, na kwa muda wa miaka thelathini kila alilolisema bondeni lilitokea kuwa kweli. Sijui kitu kinachomharibu mtu haraka kama kuwa sahihi muda mrefu.

Watu wakaanza kuuonea haya mpunga wao wa zamani. Mgeni akiandaliwa wali mwekundu, alikula, akashukuru, kisha akaenda kusimulia. Msichana wa nyumba inayokula mpunga mwekundu alisemwa kisimani hata kabla hajaweka ndoo chini. Bi Kazija akapita nyumba kwa nyumba akigawa mbegu ya Uturi bure, kwa moyo mkunjufu, na kila alikopita aliomba mtungi wa mbegu ya zamani umwagiwe kuku, naye akiangalia. Haikupita miaka mingi bonde zima likawa Uturi mtupu.

Na kwa kuwa mavuno yalikuwa makubwa, watu wakalegea. Mabua waliyokuwa wakiyapandisha kilimani wakayaacha malundo malundo kwenye matuta, kando ya majaruba yenyewe. Kuvu akasikia harufu ya malundo yale. Akaja kwa upepo, katika vumbi jembamba kuliko unga. Aliyala mabua, na hakuvunja amri, kwa sababu mabua yamekufa. Lakini alilala pale msimu baada ya msimu, na hatua moja kutoka alipolala palimea mpunga mbichi, ndugu wa yale mabua, wa tumbo moja nayo. Kila kilicho hai kina mlango wa kuingilia mwilini mwake, na kila mmoja ana namna yake ya kuufunga. Kuvu akawa na muda wote wa dunia wa kuutazama mlango wa Uturi. Mwishowe akaujua.

Mwaka huohuo Makame, mtoto wa mwisho wa Bi Kazija, alioa ng'ambo ya vilima. Mkewe aliitwa Mize binti Shaame. Alifika na mkeka wake, na vyombo vyake, na kifungu cha masuke mekundu yenye ndevu ndefu, mpunga ambao kwao huitwa Madevu. Bi Kazija alikitazama kile kifungu akatabasamu, akamweleza mkwewe kwa upole kwamba hapa Shangweni vitu hivyo hupewa kuku. Upole wenyewe ndio ulioumiza. Mize alikuwa mtu wa adabu lakini si mtu wa kupepea na upepo. Alijibu kwamba mama yake alimwambia mtu asiingie nyumba ya watu kula kabla hajaleta cha kupanda.

Makame akaingilia kati, akambembeleza mama yake. Katikati ya jaruba kubwa la Bi Kazija palikuwa na bonde jembamba, kama mfereji mpana, lililokatiza kutoka tuta la huku hadi tuta la kule. Maji yalituama hapo na Uturi haukuwahi kustawi. Bi Kazija akatoa ruhusa Mize apande hapo Madevu yake, kwa sharti moja: akiulizwa aseme ni ya kuku. Mize akakubali, akapanda.

Msimu ule jicho la kwanza lilionekana. Mnayajua macho hayo: doa lililochongoka ncha mbili, kijivu katikati, kahawia pembeni. Siku hizo hakuna aliyewahi kuyaona. Watu walishuka bondeni kuja kuyashangaa, na mzee mmoja mcheshi akasema mpunga umechoka kutazamwa, sasa umeamua kututazama sisi. Walicheka. Wakati wa kuvuna walikuta mapepe mengi kuliko kawaida, yaani masuke yenye maganda matupu, lakini mitungi ilijaa na jambo likasahauliwa. Bi Kazija peke yake hakulisahau. Alisema mpunga una njaa, na msimu ujao ulishwe samadi.

Ukalishwa, tena sana. Kila nyumba ilimwaga samadi kushinda nyumba ya pili, na mpunga ukatoka na majani mapana, laini, ya kijani kibichi karibu na weusi. Watu walisifu. Kuvu hakuwahi kupata makaribisho kama yale. Mwezi haukuisha, macho yakatokea tena, safari hii jicho kwa jicho, mpaka jani zima likakauka kama lililopitiwa na moto.

Hapo ndipo Bi Kazija alipokosea kosa lake kubwa. Alisema yale madoa ni uchafu, na uchafu hupanguswa. Basi alfajiri, umande ukiwa bado umelala juu ya majani, wanawake wote wa Shangweni walishuka na vitambaa vya kaniki vilivyoloweshwa, wakawa wanapangusa jani moja moja, kama mama anavyompangusa mtoto uso. Walimaliza jaruba la huyu wakaingia la yule, wakiimba, kwa sababu hakuna kazi iliyofanywa Shangweni bila ushirika. Nikiifikiria picha ile moyo huniuma mpaka leo. Walifanya kwa mapenzi. Na kwenye vitambaa vyao, na kwenye mapindo ya nguo zao, walimbeba Kuvu kutoka jaruba hadi jaruba. Yeye asiyekuwa na miguu akapata miguu ya bonde zima.

Mpunga ulipotoa masuke, Kuvu akashika shingo. Pale chini kidogo ya suke panapofanana na koo, pakageuka peusi, chakula kisipite tena. Masuke yakapauka kabla ya wakati. Kwa mbali yalionekana yameiva, yakiwa yamesimama wima bila uzito wowote, na ukiyaminya mkononi yalikuwa mapepe, yote mapepe.

Watu wenye hofu hutafuta wa kumbebesha. Wakahesabu misimu kwa vidole, wakakuta kwamba macho yalianza mwaka ule alioolewa Mize. Ikasemwa kisimani kwamba mgeni ameleta ugonjwa ndani ya ndevu za mpunga wake. Wazee wakakaa kikao, wakaamua kwamba baada ya mavuno Makame amrudishe mkewe kwao, na kama Makame anataka kumfuata amfuate, lakini asirudi. Bi Kazija aliulizwa ana neno gani. Akanyamaza. Katika Shangweni ya wakati ule, kunyamaza kwa Bi Kazija kulikuwa hukumu.

Mize alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliijua hesabu yake vizuri: alibakiwa na siku zile zilizobaki hadi kuvuna, basi. Makame alilia mbele yake bila kujificha, akamwambia atakwenda naye popote. Lakini Mize hakutaka mtoto wake azaliwe na baba aliyefukuzwa na mama yake. Alitaka kubaki. Alilipenda bonde lile, na sijui kwa nini, maana bonde lilikuwa halijampenda.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye dungu, kile kilingo cha miti ambacho mlinzi hukaa juu yake kufukuza ndege. Wenzake wengi walikwishayaacha madungu yao, kwani hata ndege walikuwa wamehama, hawakuona la kula. Yeye aliendelea kupanda kila siku, pengine kwa ukaidi, pengine kwa kuwa juu kule hakuna aliyemsema. Mchana mmoja, jua likiwa kali na majani yamekauka kabisa, aliteremka akatembea ndani ya jaruba la mama mkwe wake kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu watu wakate tamaa.

Upande wa kwanza Uturi ulikuwa umekufa wote. Akafika kwenye mstari wake wa Madevu. Majani yake yalikuwa na vidoa, lakini vidogo kama vilivyochomwa na ncha ya sindano, na hakuna hata kimoja kilichofumbuka kuwa jicho. Masuke yaliinama kwa uzito. Akauvuka mstari, akatazama upande wa pili, akasimama. Kule Uturi ulikuwa hai. Si wote, lakini katika kila masuke matatu, mawili yalikuwa yamejaa.

Alipoinama kuyashika, alisikia sauti ndogo kwenye jani la mpakani. Siku hizo Kuvu alikuwa bado anasema.

"Usinipanguse," Kuvu alimwambia. "Kila anayenipangusa ananibeba."

Mize hakukimbia. Alichuchumaa, na tumbo lake lile, akamuuliza mbona aliyepewa vilivyokufa anakula vilivyo hai. Kuvu aliona haya. Akasema hakuvifuata yeye, aliletewa mabua mlangoni mwa mpunga, akalala hapo, akaona, akajifunza. Na mtu akishajua kufungua mlango ni vigumu kuupita bila kuusukuma.

"Na huu mwekundu wangu mbona hujauingia?"

"Mlango wake siujui. Huu mweupe wote ni nyumba moja iliyojengwa mara elfu kumi. Nilipoijua moja nilizijua zote, nikawa natoka hii naingia hii. Nikafika hapa nikakuta ukuta, na wenye vitambaa hawakuyavuka maji haya kunipeleka ng'ambo, na mimi mwenyewe sina miguu ya kuuzunguka."

Mwingine angeshangilia akaondoka. Mize, ambaye alikuwa na akili ya kuuliza swali la pili, alimuuliza ni lini ataujua na mlango wa Madevu. Kuvu alikuwa na makosa yake lakini hakuwa mwongo.

"Nitaujua," alisema. "Nipe miaka. Mimi sina haraka."

Mize alipanda kilima kumwendea mama mkwe wake, akamkuta uani, akamweleza yote, la mwanzo hadi la mwisho. Bi Kazija alimsikiliza bila kumtazama, kisha akasema katika umri wake wote hajawahi kukutana na ukungu wenye mdomo.

"Basi usiniamini mie, mama," Mize alisema. "Njoo ushike kwa mkono wako."

Bi Kazija hakuwa mtu wa kuamini maneno, lakini vidole vyake aliviamini. Ndivyo vilivyouchagua Uturi. Alishuka bondeni nyuma ya mkwewe. Akaminya masuke ya upande wa kwanza: mapepe. Akavuka mstari mwekundu, akaminya ya upande wa pili: punje. Akarudi, akavuka tena, akarudi, akavuka mara ya tatu, kama mtu aliyedondosha kitu na haamini kuwa kimepotea. Kisha Bi Kazija binti Hamadi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameketi mahali pasipo na mkeka, aliketi kwenye tope la tuta akalia kwa sauti. Mize akaketi karibu naye. Walikaa hapo mpaka jua likapunguza ukali.

Siku ya mavuno watu walikusanyika uwanjani pa kupuria, na kilichovunwa hakikujaza hata pembe moja ya uwanja. Mize alikuwa amekwishafunga mkeka wake na vyombo vyake, kwa sababu hakuna aliyemwambia asifunge. Wazee wakasafisha makoo yao ili waseme walilokusudia. Bi Kazija akasimama kabla yao.

"Mkwe wangu hakuleta ugonjwa," alisema. "Ugonjwa nimeulisha mie kwa samadi, nikawabebesha nyinyi kwa kaniki. Mbegu za mama zenu nimezimwaga kwa mkono wangu, na zile zilikuwa kuta zetu. Mize haendi popote. Kama lazima leo arudishwe mtu kwao, nirudisheni mie, ila mtanipeleka wapi, na kwetu ni hapa hapa?"

Yule mzee mcheshi akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata, na kile kilikuwa kicheko cha kwanza bondeni tangu masuke yapauke. Makame alikwenda akaufungua mkeka wa mkewe mbele ya watu wote, kamba ikamshinda kwa haraka yake, na Mize ikabidi amsaidie.

Wakagawana Madevu, kila nyumba chano kimoja, wakaambiana wasile hata punje. Mabua yote wakayaondoa kwenye matuta, mengine wakawapa ng'ombe, mengine wakayachoma. Msimu uliofuata kila jaruba lilipandwa Uturi pande mbili na mstari wa Madevu katikati, tuta hadi tuta. Walikula mihogo na mbatata mpaka wakachukia kuvitazama, wakangoja. Macho yalitokea, lakini kila yalipofika kwenye wekundu yalisimama. Walivuna. Haikuwa kama ile miaka ya Uturi mtupu, na mitungi mingine ilibaki nusu, lakini hakuna nyumba iliyolala na njaa na hakuna aliyehama. Mtoto wa Mize, wa kiume, alianzishiwa uji wa mchele mwekundu, akanenepa. Huyo ndiye aliyemzaa babu yake baba yangu, kwa hiyo nina damu ya wanawake wote wawili, na anayenijua haoni ajabu.

Kuvu naye aliitwa mbele ya Muumba kwa kuvunja amri. Hakuangamizwa, kwa sababu magogo bado yanaanguka na lazima apatikane wa kuyala. Lakini alinyang'anywa sauti, na yale macho yakafanywa alama yake ya milele: kila atakapoingia panapoishi kitu, pataota jicho, ili mwenye shamba amwone alipo. Basi mkiliona jicho kwenye jani msiogope kama waliotangulia. Ni Kuvu anayetajwa jina.

Na tangu siku hiyo hakuna anayeacha mabua kwenye tuta la Shangweni, na hakuna anayeingia jaruba umande haujakauka, hata akiwa na haraka ya namna gani. Na tangu siku hiyo bibi harusi anayekuja bondeni kwetu haulizwi ameleta vyombo vingapi. Huulizwa ameleta mpunga gani, na usipofanana na wetu ndiyo furaha yetu, kwa maana Kuvu alisema kweli: hana haraka. Alijifunza Madevu, wakati wa bibi yangu. Wakati huo mistari ilikuwa imekwishapata mpunga wa mke mwingine, wenye maganda ya zambarau, naye akaanza upya kuchungulia. Huo nao ukafika mwisho wake, na mingine miwili baada yake. Huu wekundu mnaouona sasa ni wa tano, uliletwa na mama yangu, na mwaka jana, kwenye jaruba la juu, niliona juu yake jicho limefumbuka. Nilikaa siku nyingi bila kumwambia mtu.

Mwezi uliopita mwanangu Faki ameoa. Mkewe, Shumbana, huyo hapo anayejifanya hasikii, amekuja na mpunga mfupi, mnene, mwekundu wa kuiva sana, ambao sijapata kuuona maisha yangu. Nikapika konzi moja kuuonja. Unaganda sufuriani, na unanuka kama kamba iliyolala mvuani. Nimeutafuna mpaka mwisho nikitafuta cha kuusifu, sikukipata. Nimempa mstari wa katikati.